Wavu wa Matango

Jambo lote liligharimu ndoo ishirini na nne za rangi, pampu mbili za tangi la samaki wa mapambo, moja ikaungua, wavu wa mita thelathini, paketi kumi na moja za mbolea, kucha zangu mbili, na Koku. Orodha hiyo nimeihesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na Koku nilimweka upande wa walionikosea. Mara ya pili ilikuwa wiki tano zilizopita, msibani kwa Mama Spora, nikiwa nimeshika birika la chai mkononi, na hapo nikaona kwamba kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimemweka upande usio wake.

Mama Spora ndiye aliyekuwa mwenye nyumba wetu, kule Ilemela, Mwanza, juu kwenye mawe. Nyumba yake ilikuwa imekaa juu ya jabali moja pana, tambarare kama sakafu ya kanisa, na nyuma ya jiko hapakuwa na udongo hata wa kujaza sufuria. Hata takataka tulizichoma kwenye pipa kwa sababu shimo halichimbiki. Vyumba vya kupangisha vilikuwa viwili. Kimoja changu, mimi niliyekuwa nauza mitumba mjini, magauni na mashati ya watoto, na kingine kikachukuliwa mwezi wa kwanza na msichana mrefu mpole kutoka Muleba, ana begi moja na cheti cha chuo cha kilimo kwenye bahasha ya plastiki. Nilimtilia shaka siku hiyohiyo. Mtu wa kilimo anatoka kwenye migomba na kahawa, kwenye udongo mwekundu wa kushiba, anakuja kupanga juu ya jiwe? Nilidhani anakimbia mume, au anakimbia deni. Nyumba ile haikuwa na dari, ukuta uliishia usawa wa boriti, kwa hiyo mtu akikohoa chumba cha pili mimi huku nasema pole. Kila Jumapili baada ya ibada Koku alikuwa anaongea na baba yake kwenye simu kwa Kihaya. Kihaya sikijui, lakini neno Krismasi ni lilelile kila mahali, na Jumapili moja nilihesabu likitajwa mara saba. Nikamwuliza kuna nini Krismasi. Akanijibu bila kuficha, jambo ambalo nalo nilishuku. Baba yake alikuwa amempa mwaka mmoja. Krismasi hadi Krismasi. Asipopata kitu cha kumweka mjini, arudi nyumbani kusimamia kahawa na kumtunza mzee, maana kaka zake wote wameshakataa. Ajira alikuwa ameomba kila ofisi. Kilichobaki kichwani mwake ni kulima pasipo udongo.

Alinieleza tukiwa tunakula dagaa jikoni kwa Mama Spora, na mimi nilimsikiliza kama ninavyomsikiliza mtu anayeniuzia saa mkononi barabarani. Alisema mmea hauli udongo. Mmea unakula vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, na udongo ni kitanda tu. Kwa hiyo unaweza kuupa kitanda kingine, kokoto ndani ya ndoo tupu ya rangi kwa mfano, ukautengenezea chakula kwenye pipa, maji yakazunguka kwa pampu ndogo kupitia mipira myembamba na kurudi yalikotoka. Mama Spora akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Ng'wanawane, mawe tunayo. Kama mawe yanazaa, mimi ni tajiri wa wilaya hii." Mwanangu, ndivyo alivyotuita sote wawili. Lakini alimpa Koku jabali lote la nyuma ya jiko bila kuongeza kodi, na mimi nikaingia kwenye biashara ile kwa sababu moja tu, kwamba sikutaka faida ipite mbele ya mlango wangu wakati nimelala. Mimi ningetafuta vifaa na kushusha bei zake, Koku angelima, tungegawana nusu kwa nusu.

Kokoto tulizinunua kwa akina mama wanaoponda mawe chini ya kilima, nikawafanya wanichagulie za ukubwa wa punje ya harage, na hapo ndipo zilipokwenda kucha zangu mbili, wakati nilipotaka kuhakikisha kwa kuponda debe moja mwenyewe kama bei yao ni ya haki. Ilikuwa ya haki. Mbolea ilikuja ya aina mbili, paketi A na paketi B, na Koku akasema zisichanganywe zikiwa nzito, kila moja iyeyushwe kwenye ndoo yake ndipo zikutane ndani ya maji mengi. Hilo nililiona ni ujanja wa muuza duka. Kwa nini niuziwe paketi mbili badala ya moja? Koku alipokwenda kanisani nikachukua kijiko cha A na kijiko cha B, nikavikoroga kwenye kikombe na maji kidogo. Vikaganda vyeupe kama chokaa, chini kabisa, na havikuyeyuka tena. Nilikitupa kikombe nyuma ya mawe, na alipokitafuta nilimsaidia kukitafuta.

Miezi ya kwanza tulijifunza kwa hasara. Mipira ilikuwa ya kupitisha mwanga, ikaota utelezi wa kijani, ikaziba, tukaibadilisha na myeusi. Pampu ya kwanza iliungua umeme uliporudi kwa kishindo, na miche kumi ikanyauka tukiwa tumesimama pale tunaipepea kwa vifuniko vya sufuria, kama wagonjwa. Baada ya hapo umeme ukikatika tulikuwa tunamwagilia kwa kikombe, ndoo baada ya ndoo, kila nusu saa, Koku upande wa jiko na mimi upande wa bafu, na Mama Spora akiwa kwenye kigoda chake anatuuliza hayo mawe yameshiba au bado. Lakini mwezi wa sita matango yakaanza kupanda, yakatoa majani mapana kama viganja, na nyuma ya kila ua la kike kikaonekana kitango cha ukubwa wa kidole cha mtoto. Asubuhi moja nilivihesabu kabla ya kwenda sokoni, vikawa thelathini na nane. Niliporudi mchana kula vilikuwa kumi na moja.

Sikupiga kelele. Nilizunguka kwanza, nikaangalia jiko, nikaangalia chini ya kitanda cha Koku kupitia mlangoni, nikamuuliza Mama Spora kama kuna mgeni alipita. Halafu nikaviona kwenye beseni la takataka, vyote ishirini na saba, pamoja na lundo la matawi mabichi. Koku alikuwa amepiga magoti kwenye kokoto, anakata kwa ukucha chipukizi lililotoka kwenye kwapa la jani, ametulia kama mtu anayechambua mchele. Alinieleza kwamba mmea ukiachwa kila kwapa linatoa tawi, kila tawi linataka kula, na mwishoni una kichaka. Unaacha shina moja tu, unalizungusha kwenye kamba lipande juu, na matango yote ya chini ya goti unayatoa ili mmea upate mwili kwanza. Nikamwuliza nani kasema. Akasema chuoni. Nikamwuliza chuo kinauza matango wapi. Alicheka, akanipa ndoo ya mwisho kabisa, ya ishirini na nne, akasema huo ni wako, usiuguse, tuone. Sikuugusa. Ukakua kila upande, ukapanda hadi kwenye kamba ya kuanikia nguo ukakumbatia sidiria ya Mama Spora, na ukazaa matango sita, yote yamepinda kama pembe. Ile yake ilikuwa inatoa kumi na tatu, kumi na nne, yaliyonyooka. Nilishuku anaunyima wangu mbolea, nikabadilisha mipira kwa siri, wangu ukala maji ya jirani. Ulizaa mengine mawili. Yalipinda pia.

Kwa matango yale Koku alishuka hadi hoteli moja ya ufukweni kumwona mpishi mkuu. Alikwenda mara tatu bila mimi, Jumamosi, wakati soko limechanganya, na kila aliporudi nilikuwa naangalia viatu vyake na usoni mwake kama kuna kitu amebakiza. Mara ya tatu alirudi na jibu. Matango themanini kila Ijumaa, kuanzia Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili. Yakikosekana Ijumaa moja, mpishi anarudi kwa muuzaji wake wa zamani na hataki kusikia habari zetu tena. Jumapili iliyofuata nilisimama karibu na ukuta nikasikiliza simu ya Kihaya mwanzo hadi mwisho. Krismasi haikutajwa. Koku alikuwa anacheka kama mtu aliyevua kiatu kinachobana, na mimi upande wangu wa ukuta nilijikuta natabasamu peke yangu.

Sasa tulihitaji kitu cha kupandishia, maana safari ya kwanza tulitumia vipande vya mitumba vilivyochanika na vilioza. Koku alitaka kamba za katani, kila mmea kamba yake. Mimi nilisema kamba ishirini na nne ni mafundo arobaini na nane, wavu mmoja ni mafundo manne. Nikashuka mwaloni, kule wanakoshusha samaki. Wavu wa kawaida ulikuwa ghali. Lakini palikuwa na jamaa mmoja Mjita, Magesa, aliyekuwa na mzigo wa timba chini ya magunia, ule wavu wa plastiki unaong'aa kama kioo, ambao serikali imeupiga marufuku kwa sababu unakomba hadi vifaranga vya samaki. Kitu cha marufuku kinauzwa kwa haraka, na kinachouzwa kwa haraka kinashuka bei. Nilimsumbua siku mbili. Niliupata kwa chini ya nusu ya bei, nikaubeba kichwani ndani ya furushi la mashati ya watoto. Koku alipoufunua aliupitisha kwenye vidole muda mrefu.

"Hii si ndiyo wanayochoma moto?" aliuliza.

"Wanachoma za kuvulia."

"Kabula, tununue katani. Nitafunga mimi mafundo yote."

Nilimwambia kwamba juu ya jabali hakuna ziwa, na kwamba tukianza kununua kila kitu mara mbili hiyo nusu kwa nusu itakuwa nusu ya hewa. Tukasimamisha miti ya mirunda, miguu yake tukaimwagia zege ndani ya ndoo kwa kuwa jiwe halitobolewi, tukautandaza wavu. Mwezi wa kumi na mmoja wote matango yalipanda juu yake. Kila asubuhi Koku alikuwa anapita na mkono wa kulia tu, akizungusha kila shina kwa upande uleule, akikata makwapa, na vile vikono vya mmea vinavyojisokota vilishika nyuzi kwa nguvu hivi kwamba ukiupuliza wavu ukuta mzima wa kijani ulikuwa unatikisika pamoja. Nilihesabu matango mia moja na tisa. Nikarudia, mia moja na tisa. Wiki ile nilikula vizuri. Koku alipika ndizi na maharage, Mama Spora akatoa sato wawili wa kukaanga, akasema mwaka ujao tukodi na jabali la jirani.

Jumatatu ya wiki ya Ijumaa yetu ya kwanza, saa nne asubuhi, mwenyekiti wa mtaa alibisha hodi akiwa na maofisa uvuvi wawili. Walisalimia vizuri. Waliomba kuona nyuma ya jiko, kama watu wanaojua nyuma ya jiko kuna nini, na hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Yule mkubwa wao, mtu wa makamo mwenye miwani, alisimama mbele ya ukuta ule wa majani muda mrefu. Alisema anaona matango, na hajawahi kuona matango mazuri kama yale, lakini wavu ule ni marufuku kuwa nao, na hakuandikiwa popote kwamba ukiwa na majani unaruhusiwa. Koku aliomba apewe muda autoe mwenyewe. Alipewa saa moja. Alianza ndoo ya kwanza, anafungua kikono kimoja kimoja kwa vidole, anashusha shina taratibu na kulilaza juu ya kanga yake. Mimi nilianzia upande wa pili na nikavunja shina la kwanza nililoshika. Akaniambia niache, nisishike kitu. Nikakaa chini. Saa moja ilipoisha alikuwa ameokoa saba. Mingine kumi na saba ilishuka na wavu. Tulionywa kwa maandishi, tukaweka sahihi, furushi likapakiwa kwenye gari, na jioni jabali lote lilikuwa linanuka tango bichi.

Hesabu yangu usiku ule ilikuwa fupi. Mama Spora hakujua timba ni nini, kwake wavu ni wavu. Mwenyekiti alionekana kushangaa kuliko sisi. Magesa hawezi kujichongea mwenyewe. Waliojua ni wawili, na mmoja wao hakuutaka wavu ule tangu mwanzo. Na nani alikuwa anashuka ufukweni kila Jumamosi peke yake? Labda alitaka kurudi kwao na hakuwa na la kumwambia baba. Labda mpishi alitaka mkataba na yeye peke yake, bila nusu yangu. Kila nilipogeuza upande mwingine nilikuta sababu, na sikujiuliza kwa nini sababu zilikuwa nyingi hivyo. Kesho yake jioni, Koku akiwa anapakua, nilimwambia.

"Waliojua ni watu wawili. Mimi sijasema kwa mtu."

Alishika mwiko hewani. "Una uhakika hujasema?"

"Nina uhakika."

"Basi umeshamaliza hesabu," akasema, akanisogezea sahani yangu, akaingia chumbani bila kula.

Siku mbili alikuwa anapita mbele yangu kama mtu anayepita kwenye mlango wa watu. Ijumaa ile ya kwanza alichuma matango kutoka kwenye mimea saba, yakawa ishirini na sita. Akayapeleka hotelini, akarudi nayo. Jumamosi asubuhi alikuwa na begi lake na ile bahasha. Mama Spora alimsindikiza hadi kituoni huku analia, mimi nikasema nina wateja. Hapakuwa na daraja wakati ule. Basi la Bukoba, linalopita Muleba, lilikuwa linasubiri kivuko pale Kigongo, wakati mwingine saa tatu nzima, na nimewahi kufikiri kwamba kama ningetaka kumfuata nilikuwa na muda wa kutosha kabisa. Miaka ikapita. Nikatoka kwenye mitumba nikafungua duka la vifaa vya ujenzi Nyakato, na watu wanasema nimefanikiwa kwa sababu siamini mtu. Wafanyakazi wangu natuma mmoja kuhesabu misumari na mwingine kumhesabia. Habari za Koku nilizisikia kwa Spora, binti wa mwenye nyumba: kwamba mara tu aliporudi baba yake aliugua, kwamba alimuuguza miaka kumi na moja, kwamba hajarudi Mwanza hata siku moja.

Halafu Mama Spora akafariki, na siku ya pili ya msiba nilikuwa nazungusha chai kwa wanaume waliokaa chini ya turubai. Kulikuwa na mzee mmoja wa mwaloni, jirani mpya wa marehemu, anasimulia ili watu wachangamke. Anasema enzi zake za kuuza timba alikuja msichana wa Kisukuma, mbishi, akauliza bei. Akaenda kwa mwingine kuuliza, akarudi. Akaenda kwa wa tatu, akarudi. Kesho yake akaja tena kuhakikisha kama bei ya jana ni ileile.

"Nikamwuliza, dada, unavua wapi? Akasema sivui, ni za kupandishia matango, kwa hiyo nipunguzie, mimi si mvuvi. Sikuamini. Basi akatuelekeza nyumba, mbele ya watu wote pale kwa mama wa chai, kilima kipi, mlango upi, akasema njooni muone kwa macho." Wanaume wakacheka. "Mwezi mzima mwalo mzima tunasimulia msichana anayevua matango. Hao wa doria ya uvuvi nao wanakunywa chai palepale. Wao ndio walikwenda kuyaona."

Alikuwa Magesa mwenyewe. Nilimmiminia chai. Alisema asante mama, hakunitambua. Nilikumbuka yote pale pale, hadi kigoda cha mama wa chai, hadi jinsi nilivyoinua sauti ili wale wauzaji wengine wawili wasikie, Magesa aone aibu ashushe bei. Sikuwa nimelisahau tukio. Nilikuwa nimeliweka kwenye kumbukumbu za ushindi, na mtu haendi kutafuta kosa lake kule. Jioni ile Koku aliniuliza swali moja tu, na lilikuwa swali sahihi, nami nikalijibu haraka kama mtu anayeogopa mteja asiondoke. Sasa hivi najiuliza kama alijua. Najiuliza kama alipita mwaloni Jumamosi mojawapo, akaisikia hadithi ya msichana wa matango, akaniachia nafasi niseme mwenyewe. Nikiwaza hivyo namshuku tena, na safari hii namshuku kwa wema.

Arobaini ni wiki ijayo. Spora ameniambia Koku anakuja, na kwa kuwa mjini hana mwenyeji mwingine, na kwa kuwa kwa Spora ndugu wamejaa ndani, ameomba afikie kwangu. Hakutuma salamu nyingine. Nimeshatandika kitanda. Namba yake ninayo. Nikimpigia leo nikamwambia yote, atakuwa bado yuko Muleba, ana nafasi ya kusema haji, na ana haki hiyo. Nikingoja afike, ale, avue viatu, atanisikiliza, kwa sababu mtu aliyeshakaa ndani hawezi kuondoka kirahisi. Mimi nimeuza vitu maisha yangu yote, najua mteja aliyekaa anavyolipa, na ndiyo maana njia hii ya pili inanijia kwa urahisi mno hadi naiogopa. Lakini nikimpigia na asije, sitakuwa na nafasi nyingine ya kumwona, na umri wetu si wa kuahirisha. Wewe unayesoma, kama umewahi kumsingizia mtu na baadaye ukapata ukweli, naomba unishauri, na unishauri kabla ya Alhamisi, maana basi lake linaondoka alfajiri ya siku hiyo: nimwambie akiwa kwake, au nimwache afike?